Shule Aliyonichagulia Mwenyekiti

Nilikuwa nimevaa nyeupe. Nisikilizeni kuanzia hapo, kabla hata sijawasalimu. Nimevaa gauni jeupe la kiuguzi nililolipiga pasi mwenyewe, na viatu vyeupe alivyoninunulia binti yangu Rehema, nimesimama kwenye maegesho ya magari kule Gaithersburg, na mlango wa shule yangu umefungwa mnyororo. Kupitia kioo naona wanaume wanateremsha viti ngazini. Yule mwanasesere wa mpira tuliyejifunzia kumgeuza mgonjwa amelazwa kifudifudi juu ya toroli, pamoja na mashine ya kahawa.

Mama Beya wa Kongo, mwenzangu wa darasani, akaanza kugonga kioo kwa pete yake ya ndoa. "Mungu wangu, banatufungia! Sasa tutafanya je?" Njeri, Mkenya wetu, hakulia. Alisimama mikono kiunoni akasema, "Hawa wametucheza. Nawaambia, wametucheza."

Akatokea mlango wa nyuma msichana wa mapokezi, macho mekundu, amekumbatia boksi la vitu vyake. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, shule imehama? Akasema haijahama, imekufa. Mwenye shule, Mista Pruitt, hapokei simu. Halafu akanitazama lile gauni, toka juu mpaka chini, akaniambia, "Kamwulize mzee wenu. Kwa kila mtu aliyemleta hapa, Mista Pruitt alimpa chake."

Nikakaa chini. Pale pale kwenye lami, na weupe wangu.

Haya, sasa niwasalimu. Wakristo na Waislamu wa chama chetu cha kufa na kuzikana hapa Marekani, mlio wa hapa Landover na mliotoka mbali na watoto wamelala mabegani, amani iwe kwenu. Mnanijua. Mimi Mama Rehema, mjane, kwetu Korogwe, elimu yangu darasa la saba. Mmeniomba nisimame niseme jinsi mtu anavyoanguka na kuinuka. Najua desturi ya ushuhuda ni kutotaja majina, mtu anasema "ndugu fulani" na watu wanaitikia. Wangu mimi una majina. Msianze kukohoa, bado sijafika.

Mnakumbuka mume wangu alivyofariki, ghafla, akiwa kazini. Sikuwa najua hata namba ya kupiga. Aliyekuja ni Mwenyekiti wetu, Bwana Gervas, huyo aliyekaa hapo karibu na birika la chai. Alikwenda mpaka kwenye nyumba ya maiti, wale wafanyakazi wakataka kumvalisha marehemu, akawakatalia. Akawaambia huyu ni ndugu yetu, tutamvalisha wenyewe. Akamvalisha mume wangu suti kwa mikono yake, akamfunga tai. Akasimamia michango mpaka mwili ukafika Korogwe, mama mkwe akamzika mwanawe. Simwondolei hilo hata kidogo. Na ndiyo maana nasema leo.

Baada ya matanga nikarudi kazini kwangu, kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, hapa hapa Landover. Kazi ya mvuke na joto, mikono inababuka, lakini ilikuwa yangu. Siku moja mchana msimamizi akazima mashine zote. Ndugu zangu, nawaambia, ule ukimya ulinitisha kuliko maneno yake. Alisema kazi inahamia jimbo jingine, tuchukue vitu vyetu. Mwenzangu mmoja alikuwa ameshika shuka limekunjwa nusu. Akamalizia kulikunja, akaliweka juu ya mengine, akalia.

Basi ndiyo nikapelekwa ofisi ya serikali ya wanaotafuta kazi. Ofisa wangu alikuwa mama wa Kimarekani, Bi Lorraine, mpole, miwani imefungwa kamba. Akanieleza kwamba mtu aliyeachishwa kazi namna yangu, serikali inamlipia shule ajifunze kazi nyingine. Nilidhani ananitania. Mimi, na umri huu, na darasa la saba! Akasema kwanza ufanye mtihani wa kusoma. Ukifaulu, utachagua shule mwenyewe. "Nenda ukazione kwa macho yako," akaniambia. "Zungumza na waliomaliza. Chagua vizuri, maana msaada huu unapewa mara moja tu."

Rehema akanifundisha pale jikoni kwetu. Mnawajua watoto wetu, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Ananiambia, mama, unashika penseli kama kisu cha vitunguu. Nami namjibu, kitunguu nakijua, hiki ndicho sikijui. Siku niliyofaulu, Kiingereza chote kilimtoka. Alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta: "Mama umepita! Mama yangu umepita!"

Nikachagua kozi ya msaidizi wa muuguzi, niwahudumie wazee kwenye nyumba za wazee. Nikapanga na Rehema kwamba Jumatatu tunakwenda kutazama chuo cha umma, na kingine, na kingine, kama Bi Lorraine alivyosema.

Jumapili, kabla ya hiyo Jumatatu, tukawa kwenye msiba. Nipo na wanawake wenzangu nyuma, tunapakua pilau, Bwana Gervas akaja mpaka jikoni, na mnajua yeye haji jikoni.

"Shemeji," akaniambia, "usihangaike na vyuo. Nimekupatia shule nzuri Gaithersburg. Mwenyewe, Mista Pruitt, ni rafiki yangu. Mpwa wangu Anita anasoma pale pale. Nimeshakuombea nafasi."

Nikasema, "Asante, shemeji. Mungu akuzidishie."

Hapo najua wengine mnasema moyoni, si ungeuliza? Si ungekwenda kwanza kuiona? Rehema alisema hivyo hivyo. Haya, nawauliza ninyi. Nani kati yenu angemhoji mtu aliyemfunga mumewe tai ya mwisho? Ungemwambia nini? Subiri kwanza nikalinganishe? Sisi hatukulelewa hivyo, na yeye anajua hatukulelewa hivyo. Alikuja kuniambia kwenye msiba, nina mwiko mkononi, mbele ya wanawake. Mama Beya naye aliambiwa hivyo hivyo, kwenye msiba mwingine. Bi Lorraine alipouliza nimeziona shule ngapi, nilimwambia nimeridhika.

Basi nikawa mwanafunzi. Alfajiri natoka Landover, nabadilisha treni mjini, napanda nyingine mpaka mwisho wa reli, kisha basi. Shule ilikuwa juu ya duka la mazulia. Mwalimu wa kwanza alikuwa mzuri, akaondoka. Wa pili alituwekea video. Mwanasesere alikuwa hana mkono mmoja, na tulipouliza tutajifunzaje kuvalisha mtu, tukaambiwa tuufikirie tu. Njeri akasema, "Ata wagonjwa nitawaambia wafikirie dawa." Tulicheka. Tulikuwa bado tunacheka. Hatukuwa tumefika wodini hata siku moja, na bila wodi huendi kwenye mtihani wa jimbo, lakini kila wiki Mista Pruitt alipita akinukia marashi, akasema wodi ni wiki ijayo.

Wiki ile ya mwisho nikakutana na Anita, yule mpwa, kwenye stesheni ninapobadilisha treni. Anaelekea upande mwingine, mkoba mpya.

"Mwanangu, unapotea? Shule ni huku."

Akaangalia chini. "Siji tena, aunti. Mjomba amenihamishia chuo. Kaniambia nisirudi kule."

"Kuna nini kule?"

"Sijui, aunti. Kasema tu nisirudi."

Nikampongeza. Nikamwambia soma kwa bidii. Nikapanda treni yangu, nikaenda. Siku chache baadaye, mnyororo.

Nilipoinuka pale kwenye lami sikwenda nyumbani. Nilikwenda College Park, nyumbani kwa Bwana Gervas, na gauni langu limechafuka nyuma. Gari lake lipo nje. Akafungua mkewe. Huyu sitamsema vibaya, alinipokea kama mama anavyopokea.

"Karibu, mpendwa. Mzee amepumzika. Kaa, unywe chai."

Nikasema nina neno na mzee. Akasema, kula kwanza. Akaleta chapati, akaleta maharage ya nazi, akanipa habari za wajukuu, za mwenye kujifungua, za aliyepata makaratasi ya kuishi hapa. Na juu, ndugu zangu, namsikia mtu anatembea. Namsikia anakohoa kile kikohozi chake tunachokijua sote kwenye mikutano. Mkewe anakisikia. Mimi nakisikia. Ananiongeza chai. Nami mdomo umejaa chapati yao, ningeanzaje kusema mwenye nyumba hii kaniuza? Nikala, nikashukuru, akanifungia na nyingine za Rehema kwenye karatasi. Nikatoka bila kuuliza. Kituoni nikazitupa zile chapati kwenye pipa, kisha nikaona aibu kutupa chakula, nikataka kuziokota.

Nikarudi kwa Bi Lorraine. Akaniambia, akitazama meza, kwamba shule ilishalipwa. Serikali kwa upande wake imeshanisomesha. Nikamwambia sijasoma. Akasema anaelewa. Nikamwambia fungueni basi faili upya. Akasema angekuwa na uwezo angefanya. Msaada ni mara moja. Alinipa karatasi ya kufutia machozi. Mtu mwema kabisa, na hakuna alichoweza. Ofisi nzima ile ina watu wema, na hakuna hata mmoja aliyetumwa kwenda kuitazama shule kabla ya kuilipa. Nao wana la kujibu. Serikali ya hapa inajua kukutafuta ukikosea wewe.

Kisha ikaja ile miezi. Niseme nini? Nilikuwa nakaa kitandani, miguu chini, mpaka jua linahama dirisha. Gauni nililifua, nikalitundika nyuma ya mlango, na kila mlango ukifunguliwa linaninyanyukia kama mtu. Rehema akaanza kuuza kuku wa kukaanga akitoka shule. Anarudi ananuka mafuta, anafungua daftari, anasinzia juu yake. Niliomba, sikuona kitu. Wengine hutoa ushuhuda kwamba walisikia sauti. Mimi sikusikia sauti yoyote, nasema kweli mbele yenu.

Nilichosikia ni Njeri anagonga mlango. Alikuwa amepata kazi ya kuosha vyombo kwenye nyumba moja ya wazee. Akaingia, akalitazama gauni, akanitazama mimi. "Mama Rehema, hiyo nguo ni ya mlango ama ni yako? Kuja. Hawa wanafundisha watu wao wenyewe, huko chini kwa basement. Lakini lazima uwe umeajiriwa. Wanataka mtu wa kufua."

Kwa hiyo nikarudi kwenye mashuka. Baada ya shule yote ile na serikali yote ile, nikarudi kukunja mashuka, na mabaya zaidi ya yale ya hoteli. Nikafua mpaka wakanikubali darasani. Mwalimu alikuwa nesi mzee, Mmarekani mweusi, Nesi Wilma. Alijifunza Kiswahili kidogo ujanani, akawa ananisalimu "Hujambo, dada," hata ikiwa ni mara ya tatu siku hiyo. Yeye hakutuambia tufikirie mkono. Alituleta kwa mzee wa kweli, amepooza upande mmoja, akatuonyesha: ukimvalisha shati, unaanza na mkono mgonjwa. Ule mzima utafuata wenyewe. Ukianza na mzima, unamvunja.

Siku ya mtihani nikapewa mzee wa namna hiyo, na shati la vifungo. Nikaanza na mkono mgonjwa. Nikakumbuka suti ya mume wangu, nikapitisha kifungo kwenye tundu lisilo lake, na yule mzee akaniambia taratibu, "Usiwe na haraka, binti. Sina pa kwenda."

Nilifaulu. Asanteni, msipige makofi. Mama Beya hajafaulu, kwa sababu hayupo. Alikwenda kwa binamu yake kusini, simu yake imekatwa, na wala hakuna aliyemwuliza Mwenyekiti habari zake. Ndiyo maana siwezi kuwaambia nimepona. Nina kazi, basi.

Namshukuru Njeri, ambaye hata si mwanachama hapa. Namshukuru Nesi Wilma. Namshukuru Rehema wangu, yuko pale mlangoni na sare ya kuku. Na fundisho mnalolitaka ni hili: mtu akikuzikia, mshukuru, mlishe, mwombee. Lakini usimpe shule yako akuchagulie. Shukrani ni kitu kimoja, na kesho ya mtoto wako ni kitu kingine.

Mista Pruitt simjui alipo. Labda amefungua shule nyingine juu ya duka jingine. Lakini wewe, Bwana Gervas, shemeji yangu, najua ulipo. Uko hapo karibu na chai, na leo huna ghorofa ya kupanda. Siulizi ulichopewa, kile kimeliwa. Nauliza hili tu, mbele ya watu uliowazikia. Anita ulimtoa. Wiki ile ile, ulimwambia asirudi. Ulijua. Basi mbona mimi na Mama Beya hukutuambia? Simu yangu unayo, ndiyo ile uliyonipigia kunipa habari za mwili.

Nimemaliza kusema. Sikai. Nitasimama hapa mpaka unijibu, na mimi kwa kazi yangu nimezoea kusimama.