Bi Kanyaga na Baiskeli Iliyovuka Mlima

Kriiing! Kriiing!

Msiguse simu zenu, wasikilizaji wapendwa. Hiyo si simu. Hiyo ni kengele ya baiskeli, na iko hapa mezani kwangu studio, juu ya kitambaa, inang'aa kama imenunuliwa leo. Basi punguzeni moto jikoni, sogezeni viti, tumkumbuke mwenye kengele.

Mwenye kengele alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Bi Kanyaga. Ametutoka wiki iliyopita, kitandani kwake, baada ya kuugua siku chache. Alikuwa mjane wa fundi bomba na mama wa binti mmoja. Na alivuka msitu wa mlima kwa baiskeli. Narudia, maana najua kuna aliyekuwa anafunga mlango hakusikia: alivuka msitu wa mlima, kwa baiskeli, mvi zikiwa zimeshamjaa kichwani!

Jina la Kanyaga lilitoka kwenye cherehani yake, ile ya miguu. Chumba chake cha kushonea kilikuwa chembamba, kina dirisha moja la kutazama barabara. Nguo za wateja zinaning'inia kwenye misumari, vipande vya uzi vimetapakaa sakafuni kama nywele kwa kinyozi. Ukipita asubuhi, unamsikia: taka-taka-taka. Ukirudi jioni, taka-taka-taka. Sindano alizichomeka chini ya ukosi wa blauzi yake, zote, hata siku ya harusi za watu. Ukimkumbatia, shauri yako.

Binti yake, ambaye ni mwalimu wa chekechea, alikuja hapa studio. Aliniambia hivi: "Mama alikuwa akichoka, anaweka miguu chini, anasema, 'Mwanangu, nimekanyaga maisha yangu yote na sijatoka hata mlangoni.' Sisi tunacheka. Kumbe mwenzetu hatanii."

Hakuwa anatania, wasikilizaji wapendwa.

Baiskeli ilikuwa ya marehemu mumewe. Nyeusi, nzito, haina gia hata moja. Alipofariki, iliegemezwa ukutani mle chumbani, ikawa kazi yake kutundikiwa nguo za wateja kwenye usukani. Ikakaa hivyo mpaka mnyororo ukashika kutu. Halafu asubuhi moja Bi Kanyaga akaziondoa zile nguo. Akapaka mafuta ya cherehani kwenye mnyororo. Akavaa suruali ya mumewe chini ya sketi, akaisukuma baiskeli mpaka uwanja wa nyuma ya karakana ya mbao, akaanza kuanguka.

Naam, kuanguka! Alianguka kulia, alianguka kushoto, alianguka hata akiwa amesimama. Maseremala waliacha randa zao wakatoka kutazama. Lakini miguu ile ilijua kukanyaga kuliko ya kijana yeyote. Kilichokosa akili ni mikono tu, na mikono nayo ikafundishika.

Habari zikamfikia shemeji yake. Huyu ni mdogo wa marehemu, kinyozi, mtu wa maneno mengi kama ilivyo kazi yake. Akaja mbio mpaka chumba cha kushonea, aproni bado kiunoni.

"Shemeji, nasikia umekuwa dereva."

"Na mimi nasikia umekuwa mpelelezi."

"Hii ni baiskeli ya kaka yangu. Naona niichukue kabla hujaivunja."

"Na mguu wangu ukivunjika?"

"Mguu ni wako. Baiskeli ndiyo yetu."

Bi Kanyaga akaweka mkasi mezani, taratibu. Binti alikuwepo. Anasema mama yake hakupandisha sauti hata kidogo. Aliuliza tu, "Nifanye nini ndipo iwe yangu?"

Kinyozi akacheka. Akataja jambo aliloona haliwezekani. "Vuka msitu wa mlima. Ukivuka kabla geti halijafungwa, ni yako, na sitatia neno tena mpaka naingia kaburini. Usipovuka, naichukua siku hiyo hiyo."

"Na nani atashuhudia?"

"Mimi mwenyewe. Nitakuwa nyuma yako, nikusaidie kulia."

Sasa nielezeni... samahani, niwaeleze mimi. Kila mwaka, mvua zikikatika, waendesha baiskeli huvuka ule msitu. Njia ni ya changarawe tupu. Hakuna nyumba, hakuna duka, simu haishiki. Wanaingia geti la chini alfajiri, wanatoka geti la upande wa pili. Na geti la upande wa pili linafungwa jua likizama. Nasema tena: jua likizama, geti linafungwa. Anayebaki ndani, askari wa msitu wanampakia kwenye gari pamoja na baiskeli yake, kama kuni.

Asubuhi ikafika. Vijana wamevaa nguo za kubana na miwani ya rangi. Kinyozi amekuja na baiskeli mpya yenye gia kama meno ya kitana. Bi Kanyaga amekuja na ile nyeusi, sketi ya maua mekundu, suruali ya mumewe chini, na sindano zake ukosini.

Filimbi ikalia. Wakaondoka!

Jamani, mlima ule! Mwanzoni changarawe ni ndogo, gurudumu linaimba. Halafu njia inainuka. Halafu inainuka tena, na mawe yanakuwa makubwa kama viazi, yanateleza chini ya tairi. Ukungu unashuka mpaka humuoni aliyeko mbele, unasikia pumzi yake tu. Miti mirefu imevaa kuvu mpaka kwenye matawi. Kuna kijito kimekata njia, maji baridi ya kuuma mifupa, unabeba baiskeli begani. Vijana wa miwani wakaanza kushuka na kusukuma. Bi Kanyaga anakanyaga. Mwendo ule ule wa kushona mapazia: taka-taka-taka, hana haraka, hapumziki. Akampita mmoja. Akampita mwingine. Akampita shemeji yake ameinamia kichaka anatapika chai.

"Shemeji," akamwambia, "huku ndiko kunisaidia kulia, au bado unasafisha koo?"

Kilele wakakifikia jua limeshageuka. Kuanzia pale ni mteremko, kona juu ya kona, changarawe inaruka kama bisi kwenye sufuria. Na mteremko haupendi wazee. Bi Kanyaga alishika breki mpaka vidole vikafa ganzi. Kinyozi, gia zake zikapata kazi, akampita kama mshale. "Nakwenda kukusubiri getini, shemeji! Nikupokee hiyo baiskeli!"

Kona ya pili, Bi Kanyaga akamkuta ameketi katikati ya njia.

Jiwe kali lilikuwa limepasua tairi ubavuni. Ufa wa kuingia kidole gumba. Mpira wa ndani wa akiba alikuwa nao, lakini ungechomoza pale kwenye ufa upasuke tena. Kutia maji kwenye pakacha.

Jua lilikuwa limeshuka katikati ya mashina ya miti, jekundu. Kumbukeni, wasikilizaji wapendwa: geti linafungwa jua likizama, na baiskeli ya Bi Kanyaga iko hatarini.

Kinyozi ana ulimi, lakini si mtu mbaya. Akamwambia, "Pita. Jua halina shemeji. Ukinisubiri, umeipoteza."

Bi Kanyaga akashuka. "Nikifika peke yangu, kesho utawaambia wateja wako nilipanda gari la askari. Wewe ndiye shahidi wangu. Lete hilo tairi."

Akaketi kwenye gogo bichi. Akachomoa ukosini sindano nene ya kushonea turubai. Tairi mapajani, uzi wa viatu kutoka mfuko wa suruali, mkono unapanda, mkono unashuka. Kinyozi kashikilia, hapumui. Mishono imekaa karibu karibu, safi, kama kola ya bwana harusi. Akakata uzi kwa meno. Akasimama.

Tairi nalo likasimama.

Mafundi cherehani mnaonisikiliza mmeshacheka, naona. Mnalijua kosa hili. Ukishonea mapajani kwa haraka, unashona na nguo yako! Bi Kanyaga alikuwa amelishona tairi la shemeji yake kwenye sketi yake mwenyewe. Kinyozi aliniambia, "Lilikuwa linamning'inia kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa. Nilicheka nikasahau hata kaka yangu amekufa."

Kufumua? Jua halitangoja. Ndipo kinyozi akatia mkono mfuko wa shati, akatoa mkasi wake wa kazi. Akainama kama mtu aliye dukani kwake.

"Leo tunakata vipi, mama?"

"Nipunguzie pembeni tu."

Akakata sketi kuzunguka mishono. Tairi likarudi mahali pake na kipande cha maua mekundu kikipepea. Wakapiga pampu kwa zamu. Wakapanda. Wakateremka!

Kinyozi akatangulia, baiskeli yake nyepesi. Akatokeza msituni akaona geti, na askari ameshashika kamba ya kizuizi. Jua limebaki kama ukucha. Wasikilizaji wapendwa, yule mtu angenyamaza tu, baiskeli ni yake. Angefunga kamba ya kiatu tu, baiskeli ni yake! Badala yake aliitupa baiskeli chini, akakishika kizuizi kwa mikono miwili, akapiga kelele mpaka ndege wakaruka:

"Usifunge! Usifunge! Shemeji yangu anakuja! Akichelewa atanyang'anywa baiskeli!"

"Tulia mzee, jua bado lipo," askari akasema. "Kwani anayetaka kumnyang'anya ni nani?"

"Ni mimi!"

Na kutoka kwenye miti, wakasikia. Kriiing! Kriiing! Bi Kanyaga akapita chini ya kizuizi, sketi ina dirisha mbele, miguu ikikanyaga hata pale ambapo hapakuwa tena na haja ya kukanyaga.

Kinyozi hakutia neno tena. Lile tairi alilitundika dukani kwake juu ya kioo, na kipande cha maua. Mteja akiuliza, ananyolewa nusu kichwa kwanza asikimbie, ndipo anasimuliwa. Bi Kanyaga naye, tangu siku ile, nguo za wateja alizipeleka mwenyewe kwa baiskeli, mitaa ambayo hapo zamani aliijua kwa kusimuliwa.

Baada ya mazishi, ndugu waliketi. Mmoja akauliza, na ile baiskeli ya marehemu kaka, tunaifanyaje? Kinyozi akasimama. "Baiskeli ya kaka iliishia geti la chini," akasema. "Iliyotoka upande wa pili ni ya shemeji. Na shemeji ana mtoto." Akaisukuma mwenyewe mpaka mbele ya binti.

Kwa binti yake, kwa shemeji yake, na kwa wateja ambao nguo zao bado ziko kwenye misumari, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize usiku wa leo: ni kitu gani tumekikanyaga miaka yote, na hakijatutoa mlangoni?

Kengele hii hailali hapa. Binti yuko nje ya mlango wa studio anaisubiri, bisibisi mkononi, maana kesho alfajiri waendesha baiskeli wanaingia msituni, na yeye yumo. Baba yake mdogo, kinyozi, anakwenda naye. Amenunua sindano nene ya turubai na uzi wa viatu. Juzi alifanya mazoezi ya kushona.

Binti anasema ilibidi wamkate aproni.