Kushikwa Kola

Bwana Mkuu wa Stesheni, Mchungaji Kabamba, wazee wa kambi ya reli, mama Clémentine, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu za Jumamosi: nawasalimu kwa heshima. Angefaa kusimama hapa mtu aliyezoea kusema mbele za watu; lakini katika klabu yetu ya judo mwanafunzi aliyebaki ni mmoja, kwa hiyo hotuba imeniangukia mimi, Xavier Ngoie, karani wa tiketi.

Tunamuaga Mwalimu Lazare Mwanza, anayehamishiwa shule ya Luena. Treni yake inaondoka kesho baada ya ibada.

Alijifunza judo kwa sajini mmoja kule Base, kambi ya jeshi, akaja kutufundisha katika ghala tupu tuliloazimwa na Bwana Mkuu. Magunia yenye maganda ya mahindi yakawa mkeka wetu, na mkewe, mama Clémentine, akatushonea makoti ya gunia la unga. Wengi mlikuja. Kisha Mwalimu akasema kwamba mchezo unaanza kwa kumshika mwenzako kola, na wengi mkarudi nyumbani. Nani hajui sababu? Hapa kwetu anayeshikwa kola ni mwizi, na anayemshika ni polisi. Mzee Edmond aliniuliza pale mlangoni, "Karani, weye uliiba nini?" Mkacheka, nami nikacheka, kwa kuwa niliogopa kutocheka.

Mwalimu alinifundisha kwanza kuanguka bila kuumia, ndipo kumwangusha mtu. Alinifundisha kunyanyua ekseli ya kigari cha reli ili nipate nguvu, polepole, bila kujionyesha. Aliponikuta nikila mkate mweupe na sardini za kopo, maana nilidhani karani hana budi kula hivyo, hakunidharau. Alinipeleka kwa mkewe. Pale nilikula bukari, ugali wa mahindi yasiyokobolewa, maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa Kabondo-Dianda. Nguvu zilikuja, ni kweli. Lakini mimi nilifika hapa Kamina bila ndugu, na sijui kama kilichonijenga ni chakula chenyewe au ni kuitwa mezani.

Sasa Bwana Mkuu ametuambia, na ana haki, kwamba ghala la mtu mmoja si klabu. Asipopatikana mwingine, Jumatatu litajazwa mifuko ya saruji. Ekseli nitainyanyua peke yangu. Bukari nitaisonga peke yangu. Je, judo nitaicheza na nani? Ukuta haukushiki, wala haukuinui ukianguka.

Nilimuuliza Mwalimu nitafanyaje. Akasema, "Utaomba muntu." Nikamwambia naogopa. Alikunja koti lake, kisha akasema, "Minyi pia niliogopa. Balikuwa banakimbia bote. Njo maana nilikuomba weye usiende."

Miaka yote hii nilidhani kwamba aliponiomba nisiende ni yeye aliyenionea huruma.

Wazee wangu, ndani ya koti hili la ofisi nimevaa lile la gunia. Tukishamaliza limonadi na karanga nitakwenda ghalani, na mlango nitauacha wazi. Naomba mtu mmoja tu, hata awe mzee Edmond, aje anishike kola. Sikuiba kitu.

Mwalimu, safari njema. Mama, asante kwa meza yako. Na ninyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza hadi mwisho, mimi mwoga; nitawangoja.