Sista Yuditha na Mgeni wa Dirishani

Tarehe 30 Juni, Sista Yuditha Shayo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, karibu yote katika wodi ya wagonjwa wa pombe. Wodi hiyo wengi wetu tuliipita mbio. Yeye alipanda maua mlangoni, akawa mkali kwa yeyote aliyewaita wagonjwa wake walevi. Madaktari wapya walimwamkia shikamoo na bado wakakaripiwa.

Kwenye semina moja mgeni alitueleza kwamba pombe huua zaidi ya watu milioni mbili duniani kila mwaka, kwa ini, saratani, moyo na ajali. Sista akanyoosha mkono, akasema hao mamilioni yeye hawajui, kwake huingia mmoja mmoja, na wengine hawaji peke yao. Ukumbi ulicheka.

Tuliofanya kazi naye hatukucheka. Mwili uliozoea pombe ukikatishwa ghafla hutetemeka, hupata degedege, na macho huona watu wasiokuwepo. Wagonjwa hudhani dawa ni sumu. Sista, mzaliwa wa kijiji cha Mwika, alijua la kufanya. Kwetu Uchaggani anayekukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza kuonyesha haina sumu, ndipo akupe kata, kibuyu cha kunywea. Basi naye alimimina maji vikombe viwili kutoka jagi moja, akanywa chake mbele ya mgonjwa, kisha akampa kingine pamoja na vidonge.

Masika iliyopita aliletwa Eliufoo, mpagazi wa mlimani kutoka Old Moshi. Alikataa dawa tangu asubuhi, na daktari alishasema degedege likirudi hatapona. Ilikuwa mchana, jua limetoka. Eliufoo akasema hahitaji vikombe vyetu, kaka yake Thadeus amekaa dirishani anampa kata ya mbege. Thadeus alifia wodi hiyohiyo, ini limekwisha, na kitanda chake kilikuwa pale pale dirishani. Eliufoo hakuwahi kuambiwa ni kipi. Nilikuwepo, na nasema wazi niliogopa.

Sista hakubisha. Aliligeukia dirisha, akasalimia kwa Kichagga, kisha akamuuliza Eliufoo taratibu kama kaka yake ameonja. Eliufoo alitazama pale kwa muda mrefu, jasho likimtiririka. Akasema hapana, hajaonja, anamnyooshea tu. Akalia kama mtoto, halafu akapokea kikombe cha Sista, akameza dawa.

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Hata hivyo wodi ilinuka mbege mpaka jioni, na deki tulipiga mara mbili.

Eliufoo amerudi kupandisha mizigo mlimani, na hanywi. Aliniambia siku za ukungu kaka yake humngoja njiani juu ya Marangu, kata bado imejaa. Yeye humsalimia akapita.

Asante, Sista, kwa kila aliyetoka hapa kwa miguu yake. Tunakuombea afya njema na kahawa izae sana huko Mwika. Jumatatu wodi nakabidhiwa mimi. Tafadhali, simu usizime.