Marehemu Kalunde Mwangangi, Aliyeshika Kamera ya Goti

Wachungaji, wazee, akina mama, jamaa na marafiki, mimi ni Kioko, ndugu mdogo wa marehemu, muuza nyama wa Mitaboni, na shemeji yangu Mwangangi ameniomba nisome badala yake kwa sababu sauti imemkataa.

Dada yetu Kalunde alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huku Kola, kifungua mimba wa mzee Muindi na mama Kalondu, akaanza shule mwaka wa 1965, na kila asubuhi alitembea kwenda darasani huku anasuka kiondo, macho yakiwa njiani na vidole vikifanya kazi yake bila kutazamwa, jambo ambalo mama aliliona kuwa maringo. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1976, akasomea uuguzi, na kuanzia Januari 1981 alifanya kazi katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja mjini Machakos. Tarehe 20 Aprili 1985 alifunga ndoa na mwalimu Mwangangi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kalondu mwaka wa 1987 na Muindi mwaka wa 1990.

Mwaka wa 1996 Daktari Gikonyo alirudi kutoka masomoni na mrija mwembamba wenye kamera, unaoingia gotini kupitia tundu dogo kama punje ya hindi, picha ikionekana kwenye televisheni, ili kano lililokatika litengenezwe bila kulipasua goti zima. Shida ni kwamba ilibidi kutazama televisheni huku mikono ikifanya kazi pengine, na daktari, pamoja na elimu yake yote, kila mara alirudisha macho mikononi akapotea njia. Dada alimwambia wazi kwamba mikono haihitaji kutazamwa, kisha akaomba kamera aishike yeye.

Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo niliteleza nikiwa na paja la ng'ombe begani, kano la katikati ya goti likakatika, mguu ukawa unaniangusha hata nikisimama kukata nyama, na hospitali nyingine ikaniambia kwamba wangelifungua goti lote na huenda lisingekunjika tena maishani. Dada alikataa katakata. Aliningojesha miezi tisa, na kila Jumamosi alipita buchani kuchukua magoti ya mbuzi, wakayafanyia mazoezi yeye na daktari, mpaka wateja wakaanza kuniuliza mbuzi wangu walikuwa wanatembeaje.

Tarehe 15 Agosti 1997 nilidungwa sindano ya mgongo, nikalala macho wazi, nikaliona goti langu kwa ndani kwenye televisheni, jeupe, maji ya kulisafisha yakipita, na kwa saa tatu mkono wa dada haukutikisika huku daktari akipitisha kano jipya lililotolewa nyuma ya paja langu. Mama alitafuta mshono mkubwa asiuone, akakata kauli kwamba tumedanganywa. Kesho yake maumivu yalinitoa machozi, nikakataa kukunja goti, dada akasimama kando ya kitanda akasema, "Kioko, usipokunja goti leo, mbuzi wale wote walikufa bure."

Nilikunja, nikimchukia. Baada yangu walikuja wachezaji, walimu na wachota mchanga, wakaenda nyumbani kwa miguu yao.

Mei 2006 alipatikana na kansa ya matiti, akatibiwa huku akiendelea na kazi, na dawa zilipomtia ganzi vidoleni alichagua wauguzi wawili, akawafundisha kwanza kusuka kiondo wakitembea, ndipo akawakabidhi kamera. Alituacha nyumbani kwake tarehe 3 Juni 2008, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini, na mimi nimeumia kuliko nilivyoumia siku ile kitandani.

Familia inamshukuru Daktari Gikonyo na madaktari wote waliomtibu, wauguzi wenzake, kanisa, na majirani wa Kola ambao hawakutuacha hata siku moja. Mchungaji amesema wenye miguu mibaya waweke udongo kaburini wakiwa wamesimama, lakini mimi nitapiga magoti yote mawili, na naomba mtu asinishike mkono.

Dada, pumzika kwa amani. Goti linakunjika.