Mkuu wa Chuo Aliyeambiwa Avumilie

Wapendwa mliopanda nasi mlima hadi hapa Kinole, wakubwa wetu shikamooni, familia imenituma mimi Laurenti niwasomee maisha ya dada yetu, Winfrida Tomasi Mkude.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 hapahapa Kinole, mtoto wa pili wa Mzee Tomasi na Mama Martina, akasoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari mjini Morogoro, akahitimu ualimu mwaka 1988 na kufundisha ushonaji. Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa na Bwana Yeremia Kobelo, wakajaliwa Prisca na Bartholomeo.

Mwaka 2016 aliteuliwa kuwa mkuu wa Chuo cha Wananchi Lukwele, na hapo, ndugu zangu, ndipo alipotwishwa mzigo bila kata. Walimu walikuwa chini yake kwa jina tu, kwani kuajiri hakuweza, kuadhibu hakuweza, ila darasa likikosa mwalimu aliulizwa yeye. Mwalimu wa useremala, ambaye leo sitamtaja, alipotoweka mwezi mzima, dada alimfuata Gairo, akamkuta karakanani kwake anapiga randa vitanda vya wateja, naye akamjibu bila kuinua uso, "Mama, hapa ndipo ninapofanya kazi, kule huwa nahudhuria."

"Basi njoo uwaambie wanafunzi wako hivyo," dada akamwambia.

Hakuja. Dada alipolifikisha suala hilo kwa wakubwa, aliambiwa avumilie, aishi vizuri na watumishi. Kesho yake alikwenda mjini kwa fundi seremala mmoja, Ebrahim, akamwomba awafundishe vijana wale, nao wakafanya mtihani, wengine wakafaulu, wengine wakaanguka, na walioanguka ndio aliowataja hadi wodini.

Tarehe 2 Juni 2025 alipata kiharusi akiwa ofisini, akalazwa, na simu za chuo zikamfuata kitandani mpaka shemeji Yeremia alipoizima simu yake. Alifariki alfajiri ya tarehe 19.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, fundi Ebrahim, na walimu wote waliokuwa wakiingia darasani bila kusukumwa. Wakubwa wa chuo mliopo, kwa shada la maua asanteni, lakini atakayemrithi tunaomba mumpe na mamlaka, msimpe kiti kitupu.

Dada Winfrida, umehangaika vya kutosha, pumzika kwa amani.