Oili Ipo, Dada

Mheshimiwa Meneja wa uwanja huu, Ndugu Mwenyekiti wa klabu, mafundi, madereva, wazazi mliokuja na watoto, na ninyi mliofuata kelele tu: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo nampa cha leo, ni mgeni wangu.

Mwenyekiti aliponiomba nifungue msimu huu wa mbio za magari ya kawaida, nilimuuliza, mimi na mbio wapi na wapi? Akanijibu, "Wewe ndiye mwenye gari." Ni kweli. Lile gari jeupe pale, Jumatatu hadi Ijumaa linapeleka watoto wa watu shuleni, na ndilo linalotulisha nyumbani. Jumamosi lilikuwa la mdogo wangu, huyu mnayemwita Bila Breki. Jina mlimpa ninyi; mama yetu hana habari nalo, na naomba ibaki hivyo. Tangu asubuhi mnaniuliza kama leo litashindana. Nitawajibu kabla sijashuka hapa.

Msimu uliopita alinipigia simu kutoka uwanjani. "Dada, injini imenoki." Nikamuuliza swali ambalo kila mwenye gari angeuliza: uliangalia oili? Akaapa. "Oili ipo, Dada! Nimepima asubuhi, imefika kwenye alama." Oili ipo, na injini imekufa? Nani angeamini? Mpaka injini ilipotengenezwa, watoto wakaenda shule kwa miguu, mimi nachungulia dirishani wakipita, roho inaniuma.

Aliyetupatanisha ni fundi wetu, mama yule mwenye ovaroli ya kijani, na alitupatanisha kwa trei ya kuokea keki. Aliijaza maji, akaniwekea mapajani ndani ya gari lake, akasema shika vizuri. Kisha akazunguka mzunguko mkubwa wa barabarani bila kupunguza mwendo. "Maji yapo?" Yapo, nikamwambia, yapo kwenye gauni langu! Akacheka mpaka akasimamisha gari. "Basi na oili ilikuwepo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye ile kona ndefu, oili yote hukimbilia upande mmoja wa sampu, ile trei ya oili iliyo chini ya injini, mdomo wa pampu ukabaki mkavu, pampu ikavuta hewa, na chuma kikasaga chuma. Gari halikutengenezwa kwa kona ya namna hiyo. Lilitengenezwa kwenda sokoni na kurudi. Na mkilivalisha tairi za kung'ang'ania lami, ndiyo kabisa, maana kasi ya kwenye kona inazidi na oili inazidi kukimbia.

Leo kila gari litakaloingia uwanjani limewekewa vizuizi vya bati ndani ya sampu, oili isiende kutembea. Limeongezewa oili kidogo juu ya alama, kwa kipimo cha fundi, siyo kwa jicho la mwenye haraka. Na lina geji ya presha ya oili karibu na usukani, kwa sababu ile taa nyekundu ya deshibodi, mabibi na mabwana, haitoi onyo. Inatoa tanzia.

Lakini niwe mkweli: bati halikunishawishi. Nilikubali gari liende kwenye majaribio tu, Jumamosi iliyopita, nami nikasimama hapo kwenye wavu, roho mkononi. Mdogo wangu alikuwa mbele ya wote. Mara nikaona anapunguza, anatoka pembeni, na wenzake wanampita, hadi yule bwana wa gari la bluu ambaye hajawahi kumpita mtu. Samahani, bwana. Watu wakazomea. Nikakimbia mpaka kiatu kikabaki njiani. Nikamkuta ametulia, kidole kwenye geji. "Mshale umeanguka kwenye kona, Dada. Nimeondoa mguu, nimezima." Fundi akapima, kumbe injini imekunywa oili, imeshuka chini ya kipimo. Akaongeza, ikawashwa, ikaunguruma safi. Nililia mbele za watu, na sikuona haya.

Madereva, wahenga walisema kawia ufike. Ninyi mnataka kufika bila kukawia, nami sina ugomvi, ila mfike na injini. Je, kuna kikombe cha ushindi kinachoweza kumpeleka mtoto shule Jumatatu?

Mheshimiwa, nakushukuru kwa kutufungulia geti tena. Mafundi, Mungu aibariki mikono yenu. Nanyi nyote, kwa masikio mliyonipa na uvumilivu mlioniazima, asanteni sana.

Mdogo wangu, simama. Wiki nzima hukuniomba ufunguo, na najua ni kwa kuogopa. Basi leo nakuomba mimi. Kaendeshe. Mshale ukianguka, ondoa mguu, wapite wote, na wakikuzomea, utanisikia mimi hapo kwenye wavu nakushangilia peke yangu. Haya, njoo uchukue.