Jina Nililoshindwa Kulitaja

Ndugu zangu, asifiwe Mola aliyenirudisha nchi kavu! Leo mnaniona nacheka na kugombana na kila mtu hapa Somanga. Zamani sikuwa na hata wa kugombana naye.

Bwana wangu alikuwa mkata boriti kwenye mikoko. Wakati ule wa vita ya Maji Maji, askari wa Mdachi walimkuta na kichupa cha dawa ya vita, wakamtia mnyororo, wakampandisha meli. Baadaye alirudi mtu mmoja wa Kiranjeranje aliyefungwa pamoja naye. Akaniambia bwana wangu alikufa kwa homa melini, wakamtosa baharini. Nilimfukuza kwa mwiko! Sikuona maiti wala kaburi, ningekubalije? Sikukaa eda. Nikaendelea kumpikia na kukifunika chakula chake kwa kawa.

Ndugu zangu, akaja! Kila maji yakijaa, mchana kweupe, alisimama mlangoni amenipa mgongo, kikoi kinachuruzika. Namwambia, "Karibu ndani, chakula tayari." Hageuki. Maji yakitoka, naye hayupo, na kizingiti kimelowa. Majirani wakaogopa, wakaacha kuja hata kuomba moto. Nikawa mpweke, wallahi, mpweke hata nikawaonea wivu kuku wangu waliolala wamebanana.

Siku moja nikachoka kumngoja aingie. Alipoondoka mlangoni nikamfuata hadi baharini, yeye mbele, mimi nyuma. Nikamwita, "Mwenyewe, ningoje!" Maana kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina, na mimi la kwake sikuwa nimelitamka hata mara moja. Maji yakanifika kifuani. Hapo mkono ukanikamata nguo. Alikuwa mama mkwe wangu, kikongwe yule, anahema.

"Niache, mama. Namfuata mwenyewe."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa, nami nimekubali amekufa. Wewe unamzuia asipumzike. Mwalimu wa msikitini yuko tayari kumswalia swala ya ghaibu, ile ya aliyefia mbali, anataka jina la maiti."

"Si unalijua, mama? Mtajie wewe."

"Nataka litoke kinywani mwako. Mume aliye hai ndiye hatajwi."

Nililia, ndugu zangu! Nilijua nikilitaja nimemzika. Kisha nikalitaja, nimejaa chumvi mdomoni. Na yule aliyekuwa mbele yangu akageuka! Nikauona uso wake, ule ule, umetulia. Akaniangalia kidogo, halafu pakabaki maji matupu.

Wakamswalia. Nikakaa eda yangu mpaka ikaisha. Tangu hapo kizingiti changu kikavu, alhamdulillahi! Sisemi upweke umekwisha. Nampenda bado, na maji yakijaa moyo unauma. Ila sasa napika kwa chungu kidogo, na cha kumpa ni dua.

Kama yuko mwenzangu hapa anayemfunikia chakula asiyerudi, asiogope. Mwenyezi Mungu anawajua hata wasio na kaburi, na hakuna bahari iliyomshinda kina. Aje hapa katikati, amtaje mtu wake, sote tumwitikie amina. Msiangaliane, naanza mimi.

Bwana wangu aliitwa Athumani.